Swali la Mtoto Mwezi wa Aprili: Pasaka ya Wayahudi na Kumbukumbu ya Rwanda

Kiswahili kina neno moja, Pasaka, kwa sikukuu mbili. Mkristo anapolitaja huwa anamaanisha ufufuko wa Yesu. Myahudi huwa anamaanisha usiku ambao Waisraeli walitoka utumwani Misri. Kinyarwanda nacho husema Pasika kwa zote mbili. Ndiyo maana watoto wengi wa Kigali wanaijua Pasaka kama Jumapili ya nguo mpya na wali kwa nyama, na hawajui kwamba nyuma ya neno hilo kuna sikukuu ya kale zaidi ambayo kwa sehemu kubwa ilipangwa kwa ajili ya watoto. Katika insha hii ninaitazama sikukuu hiyo kama njia ya kufundishia historia. Nitaeleza kwanza jinsi Wayahudi wanavyomfundisha mtoto mdogo habari za mateso na ukombozi. Kisha nitaonyesha jinsi jamii moja ya Afrika Mashariki ilivyoipokea njia hiyo na kutia ndani yake historia yake yenyewe. Mwisho nitauliza ni kitu gani katika njia hiyo kinaweza kutusaidia sisi Wanyarwanda, ambao kila Aprili tuna jambo zito la kuwaeleza watoto wetu.

Tuanze na kalenda. Mwaka 1994 Pasaka ya Wayahudi iliingia jioni ya tarehe 26 Machi. Pasaka ya Wakristo ilikuwa tarehe 3 Aprili. Siku nne baadaye, tarehe 7 Aprili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza, na katika siku 100 yaliua zaidi ya watu milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Siku hiyohiyo ya tarehe 7 Aprili 1994, nchini Israeli ilikuwa siku ya kitaifa ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ambayo kila mwaka hufuata Pasaka kwa muda wa kama wiki moja. Mfuatano huu wa tarehe ni sadfa tu, wala haithibitishi lolote. Hata hivyo unatuonyesha kwamba kuna watu wengine duniani ambao, katika msimu huuhuu wa mwaka, huketi na watoto wao na kuwaeleza kwamba waliwahi kutendewa ubaya, kisha wakaokoka. Nao wamekuwa wakifanya hivyo kwa muda mrefu sana kuliko sisi. Ni busara kuangalia wanavyofanya.

Usiku wa kwanza wa Pasaka familia ya Kiyahudi huketi mezani kwa mlo unaoitwa Sederi, neno la Kiebrania lenye maana ya utaratibu. Wakati wa mlo husomwa kitabu kiitwacho Hagada, yaani masimulizi. Msingi wake ni agizo la Torati kwamba mzazi amweleze mwanawe habari za kutoka Misri. Hapo zamani sikukuu hii ilifanyika Yerusalemu kwa kuchinja mwanakondoo. Baada ya Warumi kulibomoa Hekalu mwaka 70, hapakuwa tena na mahali pa kuchinjia, na ibada ikahamia nyumbani. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilika kama mwaka 200, tayari inaeleza namna ya kuendesha usiku huo: kikombe cha pili kinamiminwa, na hapo mtoto anauliza. Kama mtoto hajui kuuliza, baba humfundisha, naye hufundisha kwa kadiri ya ufahamu wa mtoto.

Jambo la kwanza la kuzingatia hapa ni kwamba somo linaanza na swali la mwanafunzi. Mtoto mdogo kuliko wote mezani huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine: kwa nini leo tunakula mkate usiotiwa chachu peke yake, kwa nini majani machungu, kwa nini tunachovya mara mbili, kwa nini tumeegemea tunapokula. Hata maswali yenyewe yana historia. Katika Mishna mojawapo lilihusu nyama ya kuchoma. Hekalu lilipobomolewa na mwanakondoo wa Pasaka akaacha kuliwa, swali hilo liliondolewa na la kuegemea likaingia mahali pake. Maana yake ni kwamba watu hawa hawakumlazimisha mtoto aulize kuhusu kitu ambacho haoni mbele yake.

Jambo la pili ni vitu. Hakuna anayetarajia mtoto wa miaka minne aelewe neno utumwa, lakini majani machungu anayaelewa akiyatia mdomoni. Maji ya chumvi ni machozi. Mchanganyiko mtamu wa matunda na karanga, unaoitwa haroseti, hufanana na udongo ambao watumwa walifinyangia matofali. Matsa, ule mkate mkavu, ni unga uliookwa haraka kwa sababu waliokimbia hawakuwa na nafasi ya kungoja uumuke. Mpaka leo sheria hairuhusu dakika zaidi ya 18 tangu unga uguswe na maji hadi uingie tanuri. Tena wahenga wao walijua kwamba watoto husinzia. Talmudi inamsimulia Rabi Akiva akigawa bisi za nafaka na karanga mkesha wa Pasaka ili watoto wasilale, bali waulize. Kutoka hapo ikaja desturi ya kuficha kipande cha matsa ili watoto wakitafute na kudai zawadi kabla mlo haujafungwa.

Jambo la tatu ni kwamba jibu si moja. Hagada inataja wana wanne: mwenye hekima, mbaya, mnyoofu, na asiyejua kuuliza. Kila mmoja hupewa jibu lake. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa atawatambua wote wanne, na atakubali kwamba wa nne ndiye anayehitaji ustadi mkubwa zaidi. Huyo wa nne hangojwi mpaka aulize. Mzazi huanza yeye.

Katika shule za awali za Kiyahudi, mambo haya matatu ndiyo mtaala wa wiki zinazotangulia sikukuu. Watoto hukanda unga na kuuoka matsa, huchora Hagada yao wenyewe, hujifunza kuimba yale maswali, na hufanya Sederi ya mfano pamoja na walimu. Hapa ndipo mwalimu hukutana na ugumu wa hadithi yenyewe, kwa maana ni hadithi ya kutisha. Inaanza na mfalme aliyeamuru watoto wachanga wa kiume watupwe mtoni, na inaishia na vifo vya wazaliwa wa kwanza wa Misri. Walimu wengi huwapa wadogo vyura wa kuchezea na nyimbo za mapigo, huku vifo vya wazaliwa wa kwanza wakivitaja kwa ufupi au wakiviacha vingoje. Kikapu kilichoelea mtoni kinasimuliwa kwa kirefu, na dada aliyejificha kwenye matete akimlinda mdogo wake, na wakunga wawili waliokataa kutii amri ya kuua, na binti wa mfalme aliyemchukua mtoto wa adui. Uovu hawaufichi, wanauonyesha kupitia macho ya waliomwokoa mtoto. Mtoto akikua, mwaka baada ya mwaka, mezani palepale, atasikia yaliyobaki. Na watu wazima wanapoyataja mapigo kumi hudondosha tone la divai kwa kila pigo, ili kikombe cha furaha kipungue kwa sababu ya mateso ya Wamisri.

Njia hii si mali ya Ulaya wala ya Mashariki ya Kati peke yake. Nchini Uganda, karibu na mji wa Mbale, wanaishi Abayudaya. Jamii hii ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala Uganda ya mashariki, kisha akaachana nao na kuamua kuishi kwa sheria ya Musa. Mwaka 1922 alitoa kwa Kiganda kitabu cha mafundisho na sala kwa ajili ya wafuasi wake, na alifariki mwaka 1928. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Wengi walihamia Uislamu au Ukristo. Waliobaki walisali kwa siri, na jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na mamia machache tu.

Kisha ikaja tarehe 11 Aprili 1979. Siku hiyo majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walikamilisha kuiteka Kampala, na redio ikatangaza kwamba utawala wa Amin umekwisha. Jioni ya siku hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ilikuwa usiku wa Sederi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Makamanda wa Tanzania hawakuwa wakihesabu miandamo ya mwezi wa Kiebrania. Lakini mtu anaweza kufikiri jinsi familia ya Mbale ilivyoisikia habari ile. Farao alikuwa na jina na sare, na alikuwa ameanguka mkesha wa Pasaka. Tangu hapo Abayudaya wanapoeleza ukombozi wana mfano wao wenyewe, wenye tarehe ambayo wazee waliiishi. Leo wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyepata daraja hilo Los Angeles mwaka 2008, na wana Shule ya Msingi Hadassah, ambamo watoto wa Kiyahudi husoma pamoja na Waislamu na Wakristo. Somo ninalolipata kwao ni hili: hadithi ya kale haikuwazuia kusimulia yao. Iliwapa mahali pa kuiweka.

Sasa tuje Kigali. Kuanzia tarehe 7 Aprili bendera hushushwa nusu mlingoti, redio huacha miziki ya starehe, na Gisozi huwashwa mwenge unaowaka kwa siku 100. Mtoto wa miaka mitano anaona haya yote. Hahitaji kitabu cha kumfundisha kuuliza kwa nini wiki hii ni tofauti na nyingine. Mwaka jana mdogo wangu alimuuliza mama mbona redio haiimbi. Mama akamjibu, "Tunawakumbuka watu wetu." Mtoto akauliza, "Wako wapi?" Mama akanyamaza kidogo, akamwambia akacheze. Simlaumu mama hata kidogo. Yeye ana picha zake za mwaka ule, nami niliyezaliwa baadaye sina hata moja. Lakini swali la mtoto lilikuwa swali halisi la historia, na lilibaki sebuleni bila mwenyewe.

Shule nayo haikuwa na majibu mepesi. Kabla ya 1994, darasa lenyewe lilikuwa mahali pa kufundishia ubaguzi: walimu waliwaita watoto wasimame kwa makabila, Wahutu zamu yao, Watutsi zamu yao, kwa kufuata mgawanyo ambao Wabelgiji walikuwa wameuandika kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930. Historia iliyofundishwa iliwaita baadhi ya wananchi wageni katika nchi yao. Kwa hiyo baada ya mauaji serikali ilisimamisha ufundishaji wa historia ya Rwanda shuleni, na ilichukua miaka mingi kabla ya mitaala na vitabu vipya kupatikana. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2016 umeyaingiza masomo ya mauaji ya kimbari na malezi ya amani katika ngazi mbalimbali. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini wale wa chekechea, ambao wanaona mishumaa na machozi kabla hawajajua kusoma, wanategemea zaidi jibu la nyumbani au jibu la mwalimu aliyeshtukizwa.

Je, tunaweza kuichukua njia ya Sederi kama ilivyo? Nadhani hapana, kwa sababu tatu. Ya kwanza ni umbali wa wakati. Wanaakiolojia hawajapata ushahidi wa kutoka Misri kama Torati inavyosimulia, na mwanahistoria Yosef Hayim Yerushalmi, katika kitabu chake Zakhor cha mwaka 1982, ameonyesha kwamba kumbukumbu ya Wayahudi ilihifadhiwa kwa ibada na masimulizi zaidi kuliko kwa maandishi ya kihistoria. Kwetu mambo ni kinyume. Tuna makaburi, tuna majina, tuna mashauri takriban milioni 2 yaliyosikilizwa na mahakama za gacaca hadi zilipofungwa mwaka 2012. Hadithi yetu haiwezi kulainishwa mpaka ikaacha kuwa kweli.

Sababu ya pili ni kwamba Wamisri wako mbali. Hakuna mtoto wa Farao katika chekechea ya Wayahudi. Katika chekechea ya Kigali wanaweza kuketi kwenye mkeka mmoja mjukuu wa aliyeuawa na mjukuu wa aliyeua, na wote wawili hawajui. Hapa ndipo jibu la Hagada kwa yule mwana mbaya linaponitia wasiwasi. Yeye huuliza ibada hii ina maana gani kwenu, akijitenga na wenzake, na hujibiwa kwa ukali kwamba kama angalikuwako Misri asingalikombolewa. Mtoto wa Rwanda ambaye babu yake yuko gerezani anaweza kuuliza swali hilohilo bila ubaya wowote, kwa sababu tu hajui asimame upande gani. Tukimjibu kwa ukali tutakuwa tumemsimamisha tena darasani kwa kabila lake. Jibu lake lazima liwe kwamba hana hatia, na kwamba siku hizi za kukumbuka ni zake pia.

Sababu ya tatu ni kwamba waliosimulia kutoka Misri hawakuwa wao wenyewe wametoka Misri. Kwetu, msimulizi mara nyingi ndiye aliyejeruhiwa. Kumtaka mama aendeshe somo katika wiki ambayo hata usingizi haupati ni kumtwisha mzigo mara mbili. Kwa hiyo msaada unatakiwa kutoka kwa shule, na kutoka kwa sisi tuliozaliwa baadaye.

Pamoja na tofauti hizo, yapo mambo manne ambayo naona yanafaa kuchukuliwa. Kwanza, kungoja swali, kisha kulijibu lile lililoulizwa na si zaidi. Mtoto akiuliza wako wapi, anastahili kuambiwa kwamba walikufa, kwamba waliuawa na watu waliofundishwa kuwachukia, na kwamba sasa yeye yuko salama. Maelezo ya namna ya kufa hakuyauliza. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunjaji naye ajue nguvu za mikono yake.

Pili, kuanza na waokoaji. Kama Wayahudi wanavyo wakunga wawili na binti wa Farao, sisi tunaye Zura Karuhimbi wa Ruhango, bibi kizee aliyewaficha zaidi ya watu 100 nyumbani kwake na kuwatisha wauaji kwa sifa yake ya uchawi. Mtoto wa chekechea anaweza kuicheka hila yake, na katika kucheka akajifunza kwamba palikuwa na wauaji na palikuwa na mtu aliyekataa. Mwenye umri mkubwa zaidi atasimuliwa wanafunzi wa Nyange, ambao tarehe 18 Machi 1997 waliamriwa na washambuliaji wajitenge Wahutu na Watutsi, wakakataa, na baadhi yao wakauawa.

Tatu, kuwa na kitu cha kushika. Katika jumba la kumbukumbu la Gisozi, lililofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba cha watoto chenye picha zao, na chini ya kila picha yameandikwa mambo madogo kama chakula alichokipenda na mchezo alioupenda. Chumba hicho si cha mtoto wa miaka minne, kwa sababu kinataja pia walivyokufa. Lakini wazo lake lafaa nyumbani: kupika siku moja ya Aprili chakula alichokipenda shangazi ambaye mtoto hakumwona, na kumwambia jina lake. Mtoto atalijua jina kwa ulimi kabla hajalijua kwa kichwa.

Nne, na kwangu hili ndilo kubwa, ni mpangilio wa hadithi. Mishna inaagiza msimulizi aanze na aibu, amalize na sifa. Wahenga wawili wa Babeli, Rav na Shmuel, hawakukubaliana ni aibu gani. Mmoja alisema ni kwamba tulikuwa watumwa. Mwingine akasema ni kwamba baba zetu waliabudu sanamu. Hagada haikuchagua, ikayaweka yote mawili: ubaya tuliotendewa, na ubaya wa baba zetu wenyewe. Rwanda nayo inahitaji aibu zote mbili katika hadithi moja, kwa sababu waliouawa walikuwa wetu na waliowaua walikuwa wetu. Na sifa ya mwisho tunayo. Siku 100 zinazoanza na Kwibuka zina ndani yake tarehe 4 Julai, siku ya Kwibohora, yaani ya kujikomboa. Tuna kalenda inayoanza na kilio na kufika kwenye ukombozi. Kinachokosekana ni watu wa kuieleza kwa mtoto, hatua kwa hatua, mwaka hata mwaka.

Kwa kuhitimisha, Pasaka ya Wayahudi imedumu kwa sababu haikuachwa mikononi mwa wataalamu peke yao. Kila nyumba ilipewa kazi, na kila mtoto alipewa haki ya kuuliza. Mwaka 2044 itakuwa miaka 50 tangu mauaji ya kimbari. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule atakuwa na 70, na watoto wa chekechea wa mwaka huo watakuwa watoto wetu sisi tunaosoma leo. Wataona mwenge umewashwa, watauliza mbona redio haiimbi, na hapatakuwa na wengi waliobaki wa kuwaelekezea swali hilo. Sisi wanafunzi wa historia na wa ualimu tunao muda wa kuandaa jibu ambalo ni la kweli na ambalo mtoto anaweza kulibeba. Tulianze sasa, wakati wale wanaojua majina bado wako nasi na tunaweza kuwauliza.